Kichaka cha Mia Mbili na Kumi na Tatu

Mimi si mtu wa mizimu. Kazi yangu ni kuhesabu vichaka, na mtu aliyehesabu vichaka miaka kumi na minane hana nafasi ya upuuzi kichwani, maana ukiwaza jambo jingine unapotea na kuanza tena na moja. Nayasema haya mapema ili usinione nimechanganyikiwa nitakapokueleza kwamba marehemu mume wangu, kila nilipokanyaga vilima vya mchanga baada ya yeye kuzikwa, alikuwa akiniita. Wala hakuniita kwa jina. Aliniita kwa namba.

Nianze na mmea wenyewe. Mshikamchanga ni kichaka cha pwani, hakizidi kifua cha mtu mzima, na majani yake ni manene, yana vinyweleo kama sikio la punda. Ukiupanda bustanini kwenye udongo mzuri ukaupa na mbolea, unakufa ndani ya wiki, kwa ukaidi tu. Unataka pale ambapo mimea mingine imekataa: nyuma kidogo ya ufuko, juu ya vilima vya mchanga, upepo wa chumvi ukiupiga usoni mchana kutwa. Mchanga ukiufunika hausumbuki. Unasukuma matawi juu na kutokea tena hatua mbili mbele. Maua yake meupe hufunguka asubuhi, na kabla jua halijafika utosini yameshajifunga, kama duka la mtu mvivu. Ndiyo maana hesabu yake hufanywa asubuhi peke yake.

Katika ofisi yetu ya mimea ya pwani, hesabu hiyo tulipewa sisi wawili, mume na mke. Yeye walimwita Lebo kwa sababu mfukoni hakukosa vibati vyenye namba na waya wa kuvifungia. Mimi waliniita Mwandishi, ingawa sijawahi kuandika chochote zaidi ya tarakimu na vipimo. Lebo alitangulia kichakani, akafunga kibati, akaita namba yake kwa sauti. Mimi nilisimama juu ya kilima na daftari, nikairudia namba ile ile kwa sauti, kisha nikaiandika. Nisipoirudia, aliita tena, na hakusogea hata hatua moja mpaka nijibu. Upepo wa kule unakula maneno, na mwaka wetu wa kwanza niliwahi kuandika sabini mara mbili, tukarudia kazi ya wiki nzima. Tangu hapo akaweka sheria yake: namba isiyojibiwa haipo.

Sheria hiyo ilikuwa ya kazi, lakini ndoa nayo ilijifunza humo humo. Akiniambia jikoni kwamba chai imeisha, nilimjibu, "Chai imeisha," naye akaridhika akaenda zake. Wifi yangu, dada yake, alikuwa akituona hivyo anashika mbavu. Alisema nyumba yetu ina mwangwi.

Siku ya mwisho ya hesabu ile kubwa, miaka sita iliyopita, tulikuwa tumefika vichaka mia mbili na kumi na viwili, vyote kwenye vilima vya upande huu, kaskazini ya kijito kinachovikata vilima hivyo. Penseli yangu ilivunjika. Koti lake lilikuwa chini karibu nami, nikapekua mfuko nikitafuta nyingine, nikakuta karatasi ya hospitali imekunjwa mara nne. Ilikuwa na tarehe ya miezi miwili nyuma. Niliisoma pale pale nimesimama. Sihitaji kukuambia ugonjwa gani, ulikuwa ule ambao daktari akishauandika hana tena la kufanya.

Miezi miwili mtu huyu alikuwa akinijibu "niko sawa" kila asubuhi, nami nikiirudia kama kasuku.

Niliinua macho. Lebo alikuwa ameshavuka kijito, amesimama ng'ambo, ananipungia mkono. Alikuwa ameona kichaka kingine kule. Akainama, akafunga kibati, akasimama wima na kuita, "Mia mbili na kumi na tatu."

Sikujibu. Si kwamba sikusikia, nilisikia vizuri kabisa. Nilinyamaza kwa hasira. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu, safari hii viganja vimezunguka mdomo. Nikapiga mstari chini ya mia mbili na kumi na mbili, nikafunga daftari, nikaanza kushuka kilima.

Alipovuka akaliona koti na karatasi juu yake, akaelewa. Hakuna aliyesema neno mpaka nyumbani, na nyumbani pia hatukusema. Miezi minne baadaye, kitandani hospitalini, aliniambia, "Daftari lina upungufu." Nikamwambia apumzike. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho yenye maana, na ninajichukia kwa hayo mpaka leo.

Ripoti ilikwenda na vichaka mia mbili na kumi na viwili. Wakubwa wakasoma, wakasema mmea huu upo wa kutosha kaskazini ya kijito, basi vilima vya kusini si lazima. Vikasawazishwa. Leo kuna maghala marefu ya mabati, ukuta wa waya, na malori yanayoingia na kutoka.

Nilirudi vilimani mara ya kwanza mwezi mmoja baada ya maziko, kwa ukaguzi wa kawaida. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua kali, maua wazi. Nikiwa kwenye kichaka cha arobaini hivi nikasikia, kutoka ng'ambo ya kijito, sauti ya kazi ya Lebo, ile aliyoitumia akitaka upepo usimshinde.

"Mia mbili na kumi na tatu."

Nikakaa mchangani. Nikasikiliza. Ikaja tena, kisha ikanyamaza kidogo, kwa urefu ule ule aliozoea kunisubiri. Ikaja tena. Maua yalipojifunga, ikakoma.

Ungedhani nilikimbia. Sikukimbia, nilirudi kesho yake.

Nikawa mtu wa kujitolea kwa kila ukaguzi wa vilimani. Wenzangu ofisini walishukuru, maana kule hakuna kivuli wala mahali pa kununua maji. Walisema mjane huyu anajizika kwenye kazi. Walikuwa wanakosea. Mimi nilikuwa nakwenda kukaa na mume wangu. Nilifungua chupa yangu ya chai, nikakaa upande huu wa kijito, yeye akaita upande ule. Nilijua jambo moja tu kuhusu sauti ile: Lebo hasogei mpaka ajibiwe. Kwa hiyo sikujibu. Miaka sita nimekaa kimya kwa makusudi, na kwa kimya hicho nikamweka pale pale alipo. Nilijua nikifungua mdomo ataendelea na safari yake.

Usiniulize kama niliogopa. Niliogopa sana, lakini si yeye. Niliogopa asubuhi ambayo hangeita.

Mwaka huu ndipo wifi yangu alipoharibu mambo. Ni mtaalamu wa maabara katika ofisi ile ile, mwanamke wa miwani minene na mdomo usio na breki. Mbegu zetu za mshikamchanga zilikuwa zimekataa kuota miaka yote, kila ukizipasua unakuta pepe, ganda tupu lisilo na kiini. Vichaka vyenyewe vikaanza kukauka, na cha kushangaza, vilikauka pamoja, cha mwanzo wa kilima na cha mwisho wa kilima, kama watu waliokula sumu sahani moja. Wifi akaniagiza majani ya kila kichaka, nikamletea bahasha mia mbili na kumi na mbili. Baada ya wiki tatu akaniita maabara.

"Kaa chini, wifi," akaniambia.

"Nikikaa habari itakuwa nzuri?"

"Haitakuwa nzuri, lakini utakuwa umekaa."

Nikakaa. Akavua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe, akaivaa tena.

"Majani yote ni ya mmea mmoja," akasema. "Si ndugu, wala si wazazi na watoto. Ni mmoja. Umetambaa chini ya mchanga, tawi likizikwa linatoa mizizi na kuibuka mbele. Nyie wawili mlihesabu vidole mkadhani ni watu."

Nilitaka kucheka. Miaka yote ile ya vibati, jua na daftari, tulikuwa tunampa mtu mmoja namba mia mbili na kumi na mbili. Kisha nikakumbuka maghala, na kicheko kikakauka.

"Na mbegu?" nikauliza.

"Ua lake halipokei chavua yake lenyewe. Lazima itoke kwa mmea mwingine. Ndiyo maana unapata pepe tupu. Sasa mizizi imeoza, na huu mmoja hautavuka msimu. Nimejaribu vipandikizi, vinaoza navyo." Akaniinamia. "Wiki mbili zijazo bosi ataandika kwamba mshikamchanga umekwisha. Akishaandika hivyo, uzio wa vilima unaondolewa, na unajua nani anavingoja. Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana nyie ndio mliopita kila shimo. Hakuna kichaka kingine popote? Hata kimoja, upande mwingine wa maji?"

Upande mwingine wa maji. Maji ya kijito kile ni ya chumvi na yana kina, tawi la mchangani haliwezi kuvuka. Kichaka chochote cha ng'ambo lazima kiwe mmea mwingine. Nilielewa hayo yote kabla hajamaliza kusema.

"Hakuna," nikamwambia.

Ndiyo, nilidanganya. Nilimkazia macho dada wa mume wangu nikamwambia hakuna. Nikienda kule ningefika mahali anaposimama, na sikujiamini kwamba nikifika ningeweza kufunga mdomo.

Wifi aliegemea kiti. "Kaka alikuwa akisema vichaka hivi ndio watoto wenu," akasema polepole. Hatukujaliwa watoto, na hilo huwa haliguswi na mtu katika familia yao. "Pole, wifi. Sikutaka kukuvunja moyo."

Pole yake ndiyo iliyonimaliza. Angenitukana ningelala vizuri.

Siku mbili nilizunguka nyumbani nikigombana na masufuria. Siku ya tatu nilikwenda vilimani, nikakaa mahali pangu. Vichaka vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu, maua machache yamebaki kwenye ncha. Upepo ulikuwa umeanza kuchukua mchanga mahali palipolegea, na mizizi ilionekana, mirefu, imeshikana kutoka kichaka hiki hadi kile. Hata bila maabara ungeona sasa kwamba ni kitu kimoja.

"Mia mbili na kumi na tatu."

Nilisikiliza vizuri safari hii, maana kwa miaka sita nilikuwa nasikiliza kwa ajili yangu tu. Na nikasikia jambo ambalo nilikuwa nimekataa kulisikia. Sauti ilikuwa imekauka. Mwaka ule wa kwanza ilikuja nzima, yenye kifua. Sasa ilikwaruza, na kati ya wito na wito alichukua muda mrefu zaidi, kama mtu anayetafuta pumzi. Nilikuwa nimemwacha mtu mgonjwa amesimama juani miaka sita, huku mimi nakunywa chai.

Nikavua viatu, nikavuka.

Maji yalifika magotini, kisha kiunoni, kisha yakapungua. Ng'ambo kuna ukanda mwembamba wa mchanga tu, halafu ukuta wa waya wa maghala. Nilitembea nikiwa nimeshika daftari kifuani, brashi ndogo na karatasi za chavua mfukoni. Kichaka nilikiona baada ya hatua kama hamsini, kimejibanza kwenye pembe ya ukuta ambako matingatinga hayakuweza kugeuka. Kilikuwa kinene, kijani, kimejaa maua. Kibati kilining'inia kwenye tawi la chini, namba imegongwa kwa msumari, na hiyo tatu yake imelala upande kama alivyozoea kuigonga.

Sauti ikaja karibu kabisa, kushoto kwangu, mahali ambapo mtu angesimama akimaliza kufunga waya. Hapakuwa na mtu. Mchanga ulikuwa laini, bila alama. Hata hivyo mikono ilifanya kazi. Nilipangusa maua kwa brashi, ua baada ya ua, unga wa njano ukaanguka kwenye karatasi. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni. Nilikuwa nimepata kilichonileta. Ningeweza kugeuka, nikavuka maji nikiwa na chavua na mume pia, bila mtu kujua.

Nikageuka kweli. Nilipiga hatua saba.

"Mia mbili na kumi na tatu."

"Ulijua," nikasema, nikiwa nimempa mgongo. "Miezi miwili ulijua. Ulikuwa unanitazama napanga safari zetu za mwaka unaofuata, na unajua."

Nikalikaza daftari kifuani.

"Ungeniambia ningelia wiki moja, kisha ningekushika mkono miezi sita. Wewe ukaninyang'anya miwili. Na mimi kwa hasira nikakunyang'anya namba moja. Haya, nani kamzidi mwenzake?"

Yeye hakuja pale kugombana. Alikuwa anasubiri kazi iishe, basi. Hata alipokuwa hai alikuwa hivyo, unaweza kumfokea kutwa nzima naye anakungoja umalize ndipo akuulize kama umeandika.

Nililia, sitaficha. Nililia nimesimama, maji ya kijito yakichuruzika miguuni, lori likinguruma nyuma ya ukuta. Nilimtaka abaki. Nilitaka kuja hapo kila asubuhi ya uhai wangu na kumsikia, hata kwa sauti iliyokwaruza, hata neno moja hilo tu. Kisha akaita tena, na katikati ya "kumi" sauti ikakatika, akaanza upya.

Hapo sikuweza. Nikageuka, nikasimama wima, nikafungua daftari na kutazama kichaka.

"Mia mbili na kumi na tatu," nikajibu, kwa sauti ya kazi.

Nikaandika. Tarakimu zilisomeka. Na kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikasikia mchanga ukikanyagwa, zile hatua zake fupi, moja, mbili, tatu, zikielekea kusini, kule kulikokuwa na vilima. Zilipita kwenye ukuta wa waya bila kusimama. Kisha ukabaki upepo.

Nilikaa pale nikiwa na penseli mkononi, nasubiri mia mbili na kumi na nne. Nilisubiri mpaka maua yakajifunga, nikasubiri tena mpaka kivuli cha ukuta kikanifikia miguuni.

Maabara nilifika nguo zimekauka mwilini kwa chumvi. Wifi alipoona karatasi ya chavua alisahau hata kunisalimia.

"Umeitoa wapi hii?"

"Ng'ambo ya kijito. Nilikudanganya, wifi. Utanitukana baadaye."

"Nitakutukana sana," akasema, tayari anavaa glovu. "Nani alikigundua?"

"Kaka yako."

Alinitazama juu ya miwani. Akafungua mdomo wake usio na breki, akaufunga, akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake tulipaka chavua ile kwenye maua ya mwisho ya upande huu, yeye na mimi, tukitambaa juu ya mchanga na brashi. Alinitukana njia nzima kama alivyoahidi, na nilistahili. Bosi alikubali kungoja. Mimi niliinua kichwa kila dakika kuelekea ng'ambo, na wifi akaniuliza natazama nini, nikamwambia hakuna, na safari hii ulikuwa ukweli.

Wiki saba baadaye vichaka mia mbili na kumi na viwili vilikuwa kuni tupu, lakini matunda yalikuwa yamekomaa. Wifi aliketi mezani, akapasua la kwanza kwa kisu, akakuta pepe. Akapasua la pili, kisha akakishika kiganja changu na kuniwekea mbegu. Ilikuwa nzito kidogo, imejaa.

"Wifi," akasema, "imeshika."

"Imeshika," nikarudia, kwa mazoea.

Nikalia mbele yake na mbele ya wenzetu wote wa maabara. Walipiga makofi, wakadhani ni furaha, nami nikawaacha wadhani hivyo.